Kutoka Jaa la Tabata hadi Chongoleani

Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na mwisho wake ni Chongoleani, Tanga. Linakoanzia, Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inatamka kwamba maumbile yana haki ya kuwepo na kujihuisha, na mtu anaweza kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Linakoishia, mwenye haki ni binadamu peke yake. Si kwamba Tanzania ilikuwa imelala. Katika kesi ya Joseph Kessy iliyofunguliwa mwaka 1988, Jaji Lugakingira aliikatalia Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kuongezewa muda wa kumwaga taka Tabata, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Moshi wa jaa ukawa suala la haki za binadamu. Mwaka 2004 Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikampa kila mkazi wa nchi haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kushtaki.

Basi yatosha, watasema wanasheria, maana mkazi wa Tanga anaweza kuishtakia bahari. Anaweza, ila hoja itaanzia kwenye haki yake yeye. Silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka, huishi kwenye vina virefu na mara nyingi huonekana anaponaswa na jarife la papa. Akiharibiwa makazi yake, ni mkazi gani atakayeonyesha afya yake imedhurika? Hifadhi yake ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009 inamlinda kwa amri ya Serikali, na amri hubadilishwa.

Wengine huuliza maumbile yatasemaje kortini. Kampuni nayo haina kinywa, na inashtaki kila siku. Hofu ya wavuvi kwamba bahari ikipewa haki watafukuzwa ni nzito zaidi, kwa hiyo wao wawe wasemaji wake wa kwanza. Nakiri pia kwamba kesi ya bomba katika Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyotupwa mwaka 2023 kwa kuchelewa kufunguliwa, isingeokolewa na haki ya maumbile peke yake. Bunge likiifungua tena sheria ya 2004, liyaandike yote mawili: haki ya bahari yenyewe, na muda wa kushtaki unaoendelea kadiri madhara yanavyoendelea.