Nzige wa Bonde la Rukwa na nguo zake mbili (Wadudu Wetu, sehemu ya 5)

Tangu nianze mfululizo huu mmenitumia picha nyingi za wadudu, ahsanteni sana. Ila nyingine, jamani, ni ukungu mtupu: jani moja, kidole cha mpiga picha, na kitu cha kahawia kinaruka pembeni. Halafu swali: "Nesi, huyu ni nzige au panzi tu?"

Leo nawajibu, ila kwa njia ndefu kidogo. Swali hilo hilo liliwahi kuwasumbua wataalamu wakubwa, na sehemu ya jibu lake ilitafutwa kwetu, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, bonde hili hili ambalo Kaoze imo ndani yake.

Kwanza jueni kwamba shida ya mdudu kukimbia mpiga picha si ya simu yenu. Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alitoa kitabu cha michoro ya vitu vidogo alivyovitazama kwa hadubini. Chawa alimchora mkubwa hadi ukurasa ukabidi ukunjwe. Lakini siafu na sisimizi wanakaa kimya? Akimshika anajipinda, akimuua anasinyaa. Basi alichofanya ni kumlewesha kwa pombe kali! Akalala kama saa nzima, mzee akachora, kisha mdudu akazinduka akakimbia zake. Karibu mwaka 1840, picha za kamera zilipokuwa changa kabisa, Mwingereza mwingine, William Henry Fox Talbot, alipiga picha za bawa la mdudu kupitia hadubini. Bawa tu. Bawa halikimbii.

Sasa turudi kwa nzige. Zamani wataalamu waliamini nzige wa makundi ni aina yake, na panzi wale wapole wanaokaa mmoja mmoja kwenye nyasi ni aina nyingine kabisa. Walikuwa na majina mawili ya kisayansi kwa wadudu wawili. Mwaka 1921 mtaalamu anaitwa Boris Uvarov akaandika kwamba hapana, ni mdudu mmoja. Akiwa peke yake ana rangi moja na tabia moja. Wakizidi, wakabanana, watoto wao wanabadilika rangi, wanaanza kutembea kwa makundi, na wakiota mabawa wanaruka pamoja. Ni kama doti ya kanga: nguo mbili, lakini kitambaa ni kimoja.

Mnaona uzito wake? Kama ni mdudu mmoja, basi balaa halitoki mbinguni. Linaanzia mahali fulani, kwenye nyasi fulani, kwa panzi anayeonekana hana neno.

Na mahali penyewe ni pachache. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walienea karibu Afrika yote ya kusini mwa Ikweta. Miaka kumi na nne, yaani mtoto anazaliwa na kuwa kijana nzige bado wapo. Kwa jicho la kliniki naona kitu kimoja tu hapo: mtama na mahindi yameliwa shambani, mama ananyonyesha na njaa, mtoto wa miaka miwili uzito unashuka. Serikali ya kikoloni Tanganyika ilisukuma sana watu walime mihogo, kwa sababu nzige hula majani lakini mhogo wenyewe unabaki chini ya udongo. Tumbo lilijaa, sawa, lakini mhogo mtupu haumjengi mtoto, mnajua ninavyosema kila siku.

Wataalamu walifuatilia makundi yale nyuma hadi yalikoanzia, wakafika sehemu mbili: mbuga za Mweru wa Ntipa, ambayo leo ni Zambia, na Rukwa yetu. Mbuga zinazofurika maji mvua ikija na kukauka kiangazi, nyasi ndefu, watu wachache. Baadaye sehemu nyingine zikaongezwa, zikiwemo Malagarasi na Wembere hapa nchini. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, jirani tu ukivuka mpaka wa Kasesya. Kazi yao ya kila siku, ukiitazama, ilikuwa kama yenu na simu: kumkaribia mdudu mwoga. Walipita na gari kwenye nyasi wakihesabu nzige wanaoruka mbele yake. Woga wake wakaugeuza kipimo.

Dawa ndiyo sehemu inayonigusa kama nesi. Mwanzoni ilikuwa pumba iliyochanganywa na sumu ya aseniki. Baadaye zikaja za kunyunyizia, ikiwemo dieldrin, iliyotumika sana duniani kupigana na nzige. Ile hukaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka, na inaweza kupita hadi kwenye maziwa ya mama. Ilikuwa miongoni mwa sumu 12 za mwanzo kuwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. (Msiache kunyonyesha kwa kusoma hili, tafadhali. Maziwa yenu bado ni chakula namba moja.)

Ndiyo maana mwaka 2009 naupenda. Nzige wekundu walizidi tena Tanzania, na FAO pamoja na shirika la nzige wekundu, ambalo sasa makao yake ni Ndola, wakanyunyizia takriban hekta 10,000 kwenye Iku-Katavi, mbuga za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Safari hii sehemu kubwa ya silaha ilikuwa kuvu, ukungu hai unaoshika jamii ya nzige na panzi. Unamdhoofisha taratibu, wiki moja hadi tatu, na ndege na mijusi wanamalizia. FAO walisema chakula cha watu kama milioni 15 kiliokolewa. Lakini kuvu haina haraka, kwa hiyo lazima nzige waonekane mapema, wakiwa bado watoto wasio na mabawa, wale tunaowaita tunutu.

Na hapo ndipo picha yako inapoingia. Nzige mwekundu ana kizazi kimoja kwa mwaka: mayai mvua zikianza, tunutu katikati ya masika. Tunutu wa peke yake mara nyingi ni kijani kama nyasi. Wakikusanyika wanakuwa na njano au rangi ya chungwa yenye madoa meusi. Ndiyo, rangi karibu zile zile za utepe ninaompimia mtoto wako mkono. Mkubwa ana urefu wa kidole, mistari myeusi kama saba kwenye mabawa ya juu, na wekundu kwenye mabawa ya chini akiruka.

Kumpiga picha, amka kabla jua halijapanda. Mdudu akiwa na baridi ni mzito, hana mbio. Njoo kwa ubavu, chuchumaa uwe usawa wake, na kivuli chako kisimpitie. Macho yake hushika mwendo kuliko umbo, kwa hiyo sogea polepole kama unamtoa mtoto aliyelala mgongoni. Usimbandikie simu usoni. Kaa mbali kidogo, vuta picha, gusa kioo pale alipo mpaka atulie, piga hata kumi. Watume watoto wakubwa, wana subira kutuzidi, ila wasimshike. Na mahali palipopuliziwa dawa asiokotwe mdudu yeyote wa kukaanga, maana kwa macho huwezi kujua ni kuvu au ni sumu. Makopo ya dawa nayo yasirudi nyumbani kuwekea maji.

Ukiwaona wengi wenye njano pamoja, picha ipeleke kwa afisa ugani wa kata siku hiyo hiyo, na kijiji na tarehe viandikwe. Ukimwona mmoja wa kijani, nitumie mimi tu, tumtazame.

Sehemu ya 6 ni mbung'o, na kwa nini hukunja mabawa kama mkasi.