MTO LUALABA, NJIA YA WAZEE WETU

Twahesabu miaka ya Kanisa katika nchi yetu. Yatupasa kuukumbuka pia mto tukaao kandokando yake, kwa kuwa mema na mabaya mengi yaliyowafikia wazee wetu yalipita juu ya maji yake.

Lualaba hutoka katika nyanda za juu za Katanga, hushuka kwenda kaskazini, hupokea mto Luvua utokao ziwa Mweru, na Lukuga utokao ziwa Tanganyika. Ukiisha kupita Kindu na Ubundu, huanguka katika maporomoko saba ya Boyoma, na kutoka Kisangani huitwa Kongo. Hukata mstari wa Ikweta mara mbili, hata kufika bahari ya Atlantiki. Urefu wake wote wapata maili 2,900. Katika Afrika ni Nili tu uupitao.

Mto hutupa samaki na njia. Toka Kisangani hata Kinshasa vyombo huenda zaidi ya maili 1,000 bila kuzuiwa na maporomoko. Palipozibwa na mawe ilijengwa reli: Matadi hata Kinshasa mwaka 1898, Kisangani hata Ubundu mwaka 1906.

Wazee wetu waliujua mto huu kabla ya mgeni yeyote. Dr. Livingstone alifika Nyangwe mwezi wa Machi, 1871, akidhani ya kuwa ndio Nili. Alitafuta mitumbwi, asipate. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanya biashara ya watumwa wakaupiga umati bunduki. Mamia wakafa, wengi wao wanawake waliojitupa mtoni. Livingstone akaona kwa macho yake, akarudi Ujiji kwa uchungu. Habari aliyoiandika ilisaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Novemba 1876 Stanley akaondoka Nyangwe, akisindikizwa kwanza na Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, akafika Boma Agosti 1877. Vitabu vyamsifu yeye. Lakini walioshika makasia na kubeba mizigo walikuwa watu wa Unguja na Mrima. Uledi, mshika usukani wa mashua, alijitupa majini mara nyingi kuwaokoa wenziwe. Waliofika Boma walikuwa 115 hivi. Wengi walibaki makaburini na majini.

Njia ile ile ikawapitisha watu wa mpira. Tangu 1885 hata 1908 nchi ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II, na watu walilazimishwa kugema kwa mjeledi na bunduki. Lakini Injili nayo ikaja kwa mto. Isidore Bakanja, mwashi, alibatizwa Mbandaka mwaka 1906. Alipigwa mno kwa sababu ya skapulari yake, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe aliyempiga. Mwaka 1994 akatangazwa Mwenye Heri.

Basi, mto haumchagui aupitaye. Ulimchukua mwuza watu, ukamchukua na mhubiri. Enyi walimu, wafundisheni watoto habari za Nyangwe pamoja na habari za Bakanja, wala msifiche moja. Maji ni yale yale. Sisi ndio tutakaoulizwa na Mungu tumepakia nini katika mitumbwi yetu.