Jina katika kioo

Familia moja ya hapa Butembo ilituuliza hivi: watoto wakichanga pesa na kulipia dirisha la vioo vya rangi katika kanisa jipya la parokia yao, je, inafaa jina la marehemu baba yao liandikwe chini yake? Tuliwaahidi jibu. Tunalianzia mbali kidogo, Zanzibar.

Pale Mji Mkongwe liko kanisa kuu la Waanglikana. Limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwezi wa 6 mwaka 1873, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Noeli ya mwaka uleule. Dirisha moja la vioo vya rangi limewekwa kwa ukumbusho wa David Livingstone. Humo pia wanakumbukwa mabaharia Waingereza waliokufa wakisaka majahazi ya watumwa.

Kwa nini Livingstone? Sababu moja iko huku kwetu Congo. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika Maniema ya leo. Ilikuwa siku ya soko. Watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakafyatua bunduki katikati ya wauzaji na wanunuzi, wengi wao wamama. Waliokimbilia mitumbwi walizama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika hayo, habari zikafika Uingereza, zikawapa nguvu wale waliodai soko la Zanzibar lifungwe. Msomaji wa Beni hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi heshima ya dirisha lile si ya bure. Hata hivyo, majina ya wamama wa Nyangwe hayamo katika kioo.

Kuna wengine tena. Livingstone alikufa mwanzoni mwa mwezi wa 5 mwaka 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, wangeweza kumzika palepale na kila mtu akashika njia yake. Nani angewalaumu? Badala yake walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo. Walifika mwezi wa 2 mwaka 1874. Baadhi yao walikufa njiani. Mwili ukapelekwa London, ukazikwa Westminster Abbey.

Kabla ya safari hiyo, Jacob Wainwright, mmoja wao aliyejua kusoma na kuandika, alisoma sala za maziko pale chini ya mti. Kisha akachonga jina la Livingstone kwenye shina, na pamoja nalo akachonga majina ya baadhi ya wenzake. Miaka baadaye mti ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kutokana na mbao za mti huohuo ulitengenezwa msalaba ulioko leo Zanzibar, ndani ya kanisa lilelile lenye dirisha. Dirisha linamkumbuka bwana mkubwa peke yake. Shina la mti lilikuwa na majina kadhaa, kwa sababu aliyeshika kisu alikuwa mmoja wa waliobeba.

Kuandika majina mahali patakatifu si jambo geni. Someni Kutoka sura ya 28: kuhani Haruni aliingia mbele ya Mungu akiwa na mawe 12 ya rangi mbalimbali kifuani, kila jiwe na jina la kabila lake, wala hakuna kabila lililoachwa nje.

Kwa hiyo, ndugu zetu, jibu letu ni ndiyo. Mwandikeni baba yenu, alistahili. Ila kabla ya kumwita fundi, kaeni na wazee wa shirika lenu. Waulizeni katekista wa kwanza alikuwa nani, wamama gani walipandisha mawe na mchanga kichwani mpaka kileleni, na ni Wakristu gani wa parokia hiyo waliouawa mashambani tangu 2014. Kama kioo ni kidogo, ukuta ulio chini yake una nafasi, na fundi wa kuchonga mbao hakosi Butembo.