Chumba cha Babu
Babu alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, na hakulala hata siku moja katika nyumba ya serikali. Shirika la Nyumba la Taifa lilianza 1962, likabomoa vibanda vya Magomeni na kujenga vya matofali. Mwaka 1971 serikali ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa za Msajili wa Majumba. Sawa. Lakini kutaifisha si kujenga, jamani! Chumba hakikuongezeka hata kimoja. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja Sinza, watu wajijengee wenyewe. Kuli alikuwa akilala wapi? Manzese, kwa mama mwenye nyumba ya vyumba sita, choo uani. Kodi alimpa mkononi, bila risiti. Chumba kile sasa kapanga fundi cherehani.