Gredi ya A pekee si tiketi ya kusomea udaktari

KILA mwaka matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, watahiniwa wengi waliofanya vyema husema kwamba wanataka kuwa madaktari. Miezi michache baadaye, baadhi yao hupigwa na butwaa wanapopata kwamba wameteuliwa kusomea kozi nyingine, ilhali alama zao ziliwafanya wabebwe juu kwa juu kijijini.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa serikali au kwa vyuo. Hata hivyo, mara nyingi chanzo ni kutoelewa jinsi nafasi hizo zinavyogawanywa. Kozi ya udaktari haitolewi kwa kila aliyefikisha kiwango fulani. Hutolewa kwa kuwalinganisha waombaji, na anayeshindana na mwenye A ni mwenye A mwenzake.

Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani na 1,693 wakapata gredi ya A. Waliopata C+ na zaidi, kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 246,391. Sehemu kubwa ya walio kileleni huwania kozi chache zile zile, udaktari ukiwa mojawapo, na katika vyuo vichache vile vile.

Masomo yanayohitajika

Anayelenga shahada ya Udaktari na Upasuaji anatakiwa kuwa amefanya Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, pamoja na Kiingereza au Kiswahili. Kwa kawaida, vyuo vyenye kozi hiyo hudai angalau gredi ya B katika kila mojawapo ya masomo hayo manne. Aliyepata A katika Historia, Biashara na Dini lakini akaambulia C+ katika Kemia hana lake hapo, hata kama gredi yake ya wastani inapendeza.

Kwa hivyo, safari huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE umepangiwa 2027, uamuzi hufanywa mwanafunzi anapochagua masomo ya kuendelea nayo katika kidato cha tatu. Kwa wanafunzi wa mfumo wa umilisi, uamuzi huja kabla ya kuingia Gredi ya 10, wanapochagua mkondo. Asiyechukua mkondo wa sayansi na teknolojia, yakiwemo masomo ya Biolojia na Kemia, atakuwa amejifungia mlango mwenyewe.

Hesabu ya klasta

Uteuzi hufanywa na KUCCPS, asasi iliyobuniwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua mahali pa Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB). Asasi hiyo haitazami gredi ya wastani pekee. Hutumia alama za klasta, ambazo kilele chake ni 48, na ambazo huunganisha matokeo ya masomo manne ya kozi husika na jumla ya masomo saba.

Mfano rahisi unaweza kufafanua jambo hili. Chukua pointi za masomo manne uzigawe kwa 48. Chukua jumla ya masomo saba uigawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Mtahiniwa aliyepata A katika masomo yote manne, yaani pointi 48, lakini akawa na jumla ya pointi 74, atapata takriban 45.05. Mwenzake mwenye pointi 46 katika masomo manne na jumla ya pointi 80 atapata takriban 45.86. Wa pili amemshinda wa kwanza, ingawa ni wa kwanza aliyetia fora katika sayansi.

Funzo ni kwamba masomo "mengine" si ya kupuuzwa. Aidha, tofauti ya sehemu ndogo ya pointi yaweza kumtenga aliyepata nafasi na aliyeikosa. Hata hivyo, mwombaji asitegemee hesabu ya daftarini. Atumie alama rasmi zinazoonyeshwa katika akaunti yake kwenye tovuti ya KUCCPS.

Kupanga chaguo

Katika tovuti hiyo, kila kozi huonyeshwa pamoja na alama za mwanafunzi wa mwisho kuteuliwa katika miaka iliyotangulia. Wengi huzichukulia kama ahadi. La hasha. Alama hizo ni kumbukumbu ya ushindani uliopita, nazo hupanda au kushuka kulingana na idadi na nguvu za waombaji wa mwaka husika.

Mwombaji mwenye busara huorodhesha kwanza chuo anachokitamani, kisha vyuo ambako alama za awali zilikuwa chini kuliko zake. Kuna vyuo zaidi ya kimoja vinavyotoa shahada hii. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefunza madaktari tangu 1967. Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, hutuma wanafunzi wake kujifunza miongoni mwa jamii. Wengine hufunzwa katika vyuo vikuu vya Kenyatta, Egerton, Maseno na Jomo Kenyatta (JKUAT). Anayeandika Nairobi pekee kisha akajaza kozi asizozipenda hapo chini, asishangae akipewa mojawapo ya hizo.

Asiyeteuliwa hupewa fursa ya kurekebisha chaguo, na baadaye dirisha la uhamisho hufunguliwa. Lakini uhamisho huhitaji nafasi iwepo na alama zitoshe. Si njia ya mkato.

Karo na uhalali wa chuo

Udaktari huchukua miaka sita na ni miongoni mwa kozi ghali zaidi. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanzishwa 2023, msaada wa serikali na mkopo wa HELB hutegemea hali ya kifedha ya familia. Wanafunzi wa vyuo vya kibinafsi hawakujumuishwa katika ufadhili wa serikali usiolipwa, ingawa wanaweza kuomba mkopo. Kwa kuwa mfumo huo umezua kesi mahakamani na viwango kufanyiwa marekebisho, mzazi athibitishe gharama ya mwaka husika kabla ya kuuza shamba.

Isitoshe, shahada pekee haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Chuo sharti kiwe kimeidhinishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na anayesomea ng'ambo hufanyiwa tathmini na baraza hilo anaporejea. Ni heri kuuliza kabla ya kulipa karo kuliko kujuta baada ya miaka sita.

Baada ya kufuzu kuna mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini. Malipo ya madaktari wanagenzi yalikuwa kiini cha mgomo wa siku 56 uliomalizika Mei 2024, ishara kwamba hata aliyevuka vizingiti vyote vya masomo huenda akasubiri.

Kwa aliyekosa, sekta ya afya ina milango mingine: uuguzi, ufamasia, teknolojia ya maabara, au stashahada ya utabibu katika Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu (KMTC). Hizi ni taaluma kamili zenye mabaraza yake, na hospitali haiendeshwi na daktari peke yake. Azijaze katika fomu yule tu aliye tayari kuzisomea, kwa maana chaguo la mwisho katika orodha huweza kuwa ndilo la kwanza maishani.