Migongo, Vitenge na Kuta za Dzaleka

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iko kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994 ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda, na jina lake hufasiriwa kutoka Kichewa kuwa 'sitarudia tena'. Mahali palipopangiwa watu 10,000 hadi 12,000 sasa pana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sisi walimu aghalabu huitaja Dzaleka kwa sababu Kiswahili kimeota mizizi humo. Safari hii tunapenda kutazama kuta.

Kati ya nchi hizo tatu, Rwanda ina sanaa ya ukutani iitwayo imigongo, iliyositawi Gisaka, mashariki mwa nchi. Masimulizi huihusisha na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Samadi ya ng'ombe ilichanganywa na majivu, ikainuliwa kuwa matuta ya pembetatu na mizinguo kwenye kuta za ndani, kisha ikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa: imigongo ni migongo, ngeli ile ile ya M-MI, ila Kinyarwanda kimehifadhi irabu ya mwanzo. Na ni migongo kweli, kwani ukipitisha kiganja utaihisi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanawake wa eneo la Kirehe waliifufua, wakichora zaidi juu ya vibao vya mbao. Kibao huuzika, tena hubebeka.

Neno hilo 'hubebeka' ndilo lililotusumbua. Anayekandika nyumba ya matofali mabichi bila kujua atakaa humo hadi lini, ana sababu gani ya kuinua migongo ukutani? Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waishio mijini warudi kambini, na kuanzia Mei polisi waliwakamata wengi Lilongwe na kwingineko, wakiwamo wafanyabiashara walioacha maduka. Linganisheni na nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, zenye zidaka safu kwa safu na nakshi za plasta. Mwenye nyumba ile alichonga kwa ajili ya wajukuu.

Kwa asiye na hakika ya kesho, pambo lifaalo ni lile linalokunjika, yaani kitenge, ambacho Wamalawi hukiita chitenje (ki- yetu ni chi- yao). Asili ya maua yake ni ndefu: batiki ya Java iliigwa na viwanda vya Uholanzi, kikiwamo cha Vlisco kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, na mitindo hiyo ikaenea Afrika nzima. Leo kitambaa hicho hicho hufanywa pazia, kitambaa cha meza, foronya, hata kizuizi cha kugawa chumba kimoja kuwa viwili.

Vitabu vyetu vya istilahi vinatupa 'ruwaza', nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini tungeliweka 'migongo' kando yake, kwa maana ya nakshi iliyoinuka, kuliko kuendelea kusema 'michoro' kwa kila kitu. Kwa kitenge hatuna pendekezo, maana wenyewe wanalitumia wapendavyo. Pazia la chitenje likifumuliwa pindo, jioni hiyo hiyo linaweza kubebea mtoto mgongoni.