Uhuru Park: Jinsi bustani ya wanyonge ilivyobadilika tangu 1969

KEBIRIGO, katika Kaunti ya Nyamira, ni mji wa kazi. Una kiwanda cha majani chai, soko na barabara inayounganisha Kisii na Chemosit, na pande zote umezungukwa na mashamba madogo madogo yaliyolimwa hadi ukingoni mwa njia.

Kwa miaka mingi, mkazi wa huko aliyefunga safari hadi Nairobi kumtembelea jamaa alikuwa na mahali pamoja ambapo hangekosa kupelekwa siku ya Jumapili: bustani ya Uhuru Park. Hapo aliona mashua zikielea katika ziwa lililochimbwa na binadamu, watoto wakipanda bembea, wachuuzi wa njugu na aiskrimu, na wapiga picha waliosubiri wateja wakiwa na kamera shingoni.

Picha iliyopigwa hapo, majumba marefu ya jiji yakionekana nyuma, ilirudi mashambani ikiwa ushahidi kwamba mwenyewe alifika Nairobi. Wakati huo, jambo muhimu kuliko yote ni kwamba kuingia kulikuwa bure.

Bustani hiyo imepitia mengi kwa zaidi ya nusu karne. Imekuwa uwanja wa burudani, madhabahu, jukwaa la siasa na medani ya vita kati ya raia na serikali. Katika kila badiliko, swali lililozuka ni lile lile: je, ardhi hii ni mali ya nani?

Mwanzo wake

Uhuru Park ilifunguliwa rasmi na Rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, mnamo Mei 23, 1969. Ina ukubwa wa hekta 12.9, yaani takriban ekari 32, na imepakana na barabara kuu ya Uhuru Highway na ile ya Kenyatta Avenue.

Majina hayo pekee yanaeleza maana ya bustani hiyo wakati huo. Kabla ya uhuru, Uhuru Highway iliitwa Princess Elizabeth Highway, nayo Kenyatta Avenue ikajulikana kama Delamere Avenue, kwa heshima ya kiongozi wa walowezi.

Isitoshe, katika enzi za ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuzurura Nairobi apendavyo. Alitakiwa kubeba kipande, na askari angeweza kumsimamisha wakati wowote na kumtaka aeleze shughuli zake mjini.

Hivyo basi, kumwona kibarua amejinyoosha kwenye nyasi katikati ya jiji adhuhuri, viatu amevifanya mto, halikuwa jambo dogo. Lilikuwa tunda la uhuru lililoonekana kwa macho.

Katika miaka ya sabini na themanini, bustani hiyo ilijijengea sifa ya kuwa mahali pa familia na pia pa mikutano mikubwa. Mnamo Agosti 1985, Papa John Paul II aliongoza misa hapo mbele ya umati mkubwa wa waumini, kilele cha Kongamano la Kimataifa la Ekaristi lililofanyika Nairobi mwaka huo.

Mnara wa orofa 60

Tishio kubwa la kwanza lilitokea mwaka wa 1989. Chama tawala cha KANU, kupitia shirika lililochapisha gazeti lake la Kenya Times, kilipanga kujenga mnara wa orofa 60 ndani ya bustani. Jengo hilo lingekuwa na makao makuu ya chama, afisi za gazeti, maduka, kumbi na nafasi za kuegesha magari takriban 2,000. Mbele yake ingesimama sanamu ya Rais Daniel arap Moi.

Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ingekopwa kutoka ng'ambo.

Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt, aliandika barua kwa afisi mbalimbali za serikali na kwa mabalozi akipinga mradi huo. Aliuliza iwapo Waingereza wangekubali jengo kama hilo lijengwe katika Hyde Park ya London.

Majibu yalikuwa makali. Wabunge walimkejeli Bungeni, wengine wakimkumbusha kwamba alikuwa ameachika. Naye Rais alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika anafaa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi yake mnamo Desemba 1989, na vuguvugu lake likafurushwa kutoka jengo la serikali lilimokuwa na afisi.

Hata hivyo, kelele hizo ziliwafikia wafadhili wa kigeni, nao wakasita. Mradi ulipunguzwa, kisha ukazimika kimyakimya. Mapema mwaka wa 1992, ua uliokuwa umezungushiwa eneo la ujenzi uliondolewa.

Ushindi huo ulikuwa wa kipekee. Katika nchi ya chama kimoja, ilikuwa nadra mno raia kupinga mradi wa wakuu na mradi huo ukasimama.

Kina mama wa Freedom Corner

Mnamo Februari 28, 1992, kina mama waliokuwa na wana wao gerezani kwa sababu za kisiasa walipiga kambi katika pembe moja ya bustani, wakagoma kula na kudai watoto wao waachiliwe. Profesa Maathai aliungana nao. Pembe hiyo ikaitwa Freedom Corner, jina ambalo limedumu.

Siku nne baadaye, Machi 3, polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa akazirai. Baadhi ya wazee hao walivua nguo mbele ya askari, kitendo ambacho katika mila za jamii nyingi za Kenya ni laana nzito kwa kijana anayemwinulia mama mkono.

Walihamia Kanisa la All Saints lililo karibu, wakaendeleza mgomo huko kwa karibu mwaka mmoja, hadi wafungwa wengi wakaachiliwa mapema mwaka wa 1993.

Kutoka burudani hadi ikulu ya wananchi

Tangu hapo, historia ya bustani na ile ya siasa za Kenya hazikutengana tena. Mnamo Julai 7, 1997, polisi walitawanya mkutano wa kudai marekebisho ya katiba na kuwafuata waliokimbilia kanisani All Saints.

Mnamo Oktoba 14, 2002, Bw Raila Odinga alitamka hapo kauli yake ya "Kibaki Tosha". Miezi miwili na nusu baadaye, Desemba 30, Bw Mwai Kibaki aliapishwa katika bustani hiyo hiyo, umati ukiwa umejaa hadi barabarani. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, polisi waliizingira ili kuuzuia upinzani usikutane.

Juni 13, 2010, milipuko iliwaua watu sita katika mkutano wa kupinga katiba iliyopendekezwa. Wananchi waliipitisha katiba hiyo kwa kura Agosti 4, na Agosti 27 Rais Kibaki akaitia saini hapo hapo Uhuru Park.

Oktoba 2011, taifa lilimuaga Profesa Maathai hapo baada ya kifo chake mnamo Septemba 25. Septemba 2015, mnara wa kuwakumbuka walioteswa na serikali ya kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau ulizinduliwa Freedom Corner kwa fedha za serikali ya Uingereza. Januari 30, 2018, Bw Odinga alijiapisha hapo kuwa "rais wa wananchi".

Sifa hizo zilikuwa na gharama. Kila baada ya mkutano mkubwa, nyasi zilibaki zimekanyagwa na takataka kutapakaa. Wapiga picha nao walipoteza wateja simu zenye kamera zilipoenea.

Ukarabati na kufungwa

Mnamo Oktoba 2019 ilifichuka kwamba barabara mpya ya juu kwa juu, Nairobi Expressway, ingemega sehemu ya bustani. Wanaharakati walipaza sauti, na kabla ya mwezi kwisha serikali ikatangaza kwamba mchoro ungebadilishwa. Wengi waliona kivuli cha mwaka wa 1989, ingawa safari hii jibu lilipatikana kwa siku chache.

Mwaka wa 2021, Uhuru Park pamoja na jirani yake, Central Park, zilifungiwa umma ili zikarabatiwe chini ya Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi. Watu waliozoea kupumzika hapo saa za chakula cha mchana, wengi wao wakiwa wasio na fedha za kukaa hotelini, walikosa kivuli kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia.

Mnamo Julai 7, 2024, wiki chache baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, maelfu ya vijana walikusanyika hapo katika tamasha la kuwakumbuka waliouawa. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa kina mama wa 1992 walipopigwa. Hata hivyo, walipotafuta mahali pa kuomboleza, waliielekea bustani ile ile.

Funzo kwa miji midogo

Kisa cha Uhuru Park si cha Nairobi pekee. Ripoti ya tume ya Ndung'u, iliyokabidhiwa serikali mwaka wa 2004, ilionyesha kwamba takriban hati 200,000 za ardhi zilikuwa zimetolewa kinyume cha sheria nchini. Miongoni mwa ardhi iliyonyakuliwa ni viwanja vya michezo na bustani za miji.

Katika Nyamira, hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu ardhi ni haba. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu zaidi ya 605,000 katika kaunti hiyo, wastani wa watu wapatao 675 kwa kila kilomita moja ya mraba. Pale ambapo baba humgawia mwanawe robo ekari, kipande cha umma kisicho na jengo huonekana kuwa hakina mwenyewe.

Lakini mwenyewe yupo kisheria. Katiba iliyotiwa saini Uhuru Park inaeleza katika Kifungu cha 62 ardhi ya umma ni ipi, na katika Jedwali la Nne inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kutunza bustani na sehemu za burudani.

Kwa hivyo mkazi wa Kebirigo ana haki ya kuiuliza serikali ya kaunti yake ni kiwanja kipi kimetengewa mapumziko ya umma, kimepimwa lini na hati yake iko wapi. Uhuru Park haikuokolewa na uzuri wa ziwa lake wala mashua zake. Iliokolewa na watu waliouliza maswali kama hayo mapema, kabla ya msingi wa jengo kuwekwa.